Mzenji Aliyefika Kaifeng

Kampuni iliyojenga barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za kona na miteremko inayoangukia Ziwa Nyasa, huku kwetu inajulikana kwa kifupi tu: CHICO. Herufi H iliyomo ndani ya kifupi hicho ni Henan, jimbo la katikati ya China lenye watu karibu milioni 100. Sisi tuliokuwa tukipita kando ya mitambo yao na kula vumbi lao tuliwaita Wachina, basi, kana kwamba China nzima ni kijiji kimoja chenye mwenyekiti mmoja. Nilipopata nafasi ya mafunzo ya muda mfupi Zhengzhou, makao makuu ya Henan, ndipo nikaanza kusoma habari za jimbo hilo. Katika kusoma huko nikakutana na jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunidokezea: mtu wa pwani yetu alifika Henan mwaka 1071, karibu miaka 900 kabla ya Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais wetu, kutua Beijing.

Mji aliofika ni Kaifeng. Kutoka Zhengzhou ni safari ya treni isiyotimiza saa moja, kwenye tambarare ya ngano na karanga ambayo mtu aliyezaliwa Litembo, milimani kwetu Mbinga, huitazama kwa mashaka, maana jicho halipati pa kuegemea. Leo Kaifeng ni mji wa kawaida kwa vipimo vya China. Lakini kati ya 960 na 1127 ulikuwa makao makuu ya ukoo wa kifalme wa Song, na wanahistoria wanakadiria kwamba wakazi wake walikaribia milioni moja, wakati London ilikuwa na sehemu ndogo tu ya idadi hiyo.

Habari za mjumbe wetu zimo katika historia rasmi ya ukoo wa Song, iliyokamilishwa mwaka 1345, kwenye sura ya 490 inayohusu nchi za kigeni. Ni aya fupi. Inasema iko nchi iitwayo Cengtan, kando ya bahari ya kusini, ambayo mji wake uko umbali wa li 20 kutoka pwani, yaani kama kilomita 10. Mwaka wa nne wa enzi ya Xining, ambao kwa hesabu yetu ni 1071, nchi hiyo ilileta zawadi kwa mara ya kwanza. Chombo kikipata upepo mzuri husafiri siku 160, kikipitia Wuxun, ambayo ni pwani ya Omani, kisha Gulin, ambayo ni Kollam huko kusini mwa India, kisha Sanfoqi katika kisiwa cha Sumatra, hadi Guangzhou. Ukoo unaotawala umekaa kwenye kiti miaka 500. Lugha ya watu wake inasikika kama ya Waarabu. Nchi haijui baridi. Wana kondoo, mbuzi, nyati, ngamia, farasi, vifaru na tembo. Serikali yao hufua fedha yake yenyewe na kuwakataza raia kufua. Na mjumbe mwenyewe anaitwa Cengjiani.

Wapo wataalamu wachache wanaoipeleka Cengtan upande wa Uajemi. Wengi wanaona ni nchi ya Zenji, yaani pwani yetu, na jina la mjumbe ni Mzenji tu lililopita kinywani mwa karani wa Kichina. Mimi nasimama na hawa wa pili, na kinachonisimamisha ni ile habari ya fedha. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za karne ya 11, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa papo hapo pwani. Katika miaka ileile ambayo karani wa Kaifeng alikuwa akiandika kwamba watu wa Cengtan wana fedha yao, Pemba fedha hiyo ilikuwa mfukoni mwa mtu. Sidhani kama hakimu angehitaji shahidi mwingine.

Alikwenda kutafuta nini? Kabla yake zilitangulia pembe. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani yetu mwaka 916, aliandika kwamba pembe za ndovu za Zenji hupelekwa Omani, na kutoka Omani huendelea India na China. Huko China, anasema, wakubwa hubebwa kwenye machela yaliyotengenezwa kwa pembe, na hakuna ofisa anayethubutu kwenda mbele ya mfalme akiwa kwenye machela ya chuma. Tembo wa Asia hana pembe za kutosha kwa mahitaji ya namna hiyo, na za wetu ni kubwa na laini kuchonga. Biashara yenyewe ilikuwa mikononi mwa madalali wa Ghuba na India, kila mmoja akimega kipande chake. Mtawala wa pwani aliyetuma mtu wake moja kwa moja hadi Kaifeng alikuwa akijaribu kuwaruka madalali. Wakulima wa kahawa wa Mbinga hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Na wakati aliochagua ulikuwa mzuri. Mfalme Shenzong, aliyetawala kuanzia 1067 hadi 1085, alikuwa amempa madaraka waziri Wang Anshi, mwanamageuzi aliyetaka mapato ya serikali yaongezeke kwa kila njia, biashara ya bahari ikiwemo. Mwaka 1074 marufuku ya kupeleka shaba na sarafu nje ya nchi ililegezwa, na kufikia mwaka 1080 viwanda vya serikali vilikuwa vikifua zaidi ya mafungu milioni tano ya sarafu za shaba kwa mwaka, fungu moja likiwa na sarafu 1,000. Sarafu hizo zilimwagika kote Bahari ya Hindi. Miaka ya 1940 zaidi ya mia moja kati yake zilipatikana zimefukiwa Kajengwa, Makunduchi, upande wa kusini wa Unguja, na nyingi zilikuwa za enzi ya Song. Vyombo navyo vilifuata. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler, alipotembelea Tanganyika mwaka 1955, alistaajabu kwamba hajawahi kuona vigae vya Kichina vingi kiasi kile, vya kuzolewa kwa koleo, na akasema historia ya nchi hii tangu karne ya 10 imeandikwa kwa vigae hivyo. Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 alikuta, ndani ya kasri la Husuni Kubwa, chupa ya kauri nyeupe ya Kichina ya mnamo mwaka 1300.

Turudi kwa mjumbe. Guangzhou haukuwa mwisho wa safari yake. Kutoka pale alikuwa na zaidi ya kilomita 1,500 za mito na mifereji kuelekea kaskazini, njia ileile iliyobeba mchele wa kusini kuilisha Kaifeng. Serikali ya Song iliwahifadhi wajumbe wa nje kwa gharama yake, ikawalisha na kuwapangia siku ya kumwona mfalme.

Mji aliouona umeelezwa na mtu mwingine. Meng Yuanlao alifika Kaifeng akiwa kijana mwaka 1103, akaishi humo hadi Wajurchen kutoka kaskazini walipouteka mwaka 1127 na kumchukua mfalme pamoja na baba yake mateka. Meng alikimbilia kusini, na mwaka 1147, akiwa mzee, aliandika kitabu kizima cha kumbukumbu za mji ule: mtaa gani uliuza nini, duka gani la supu lilikuwa na foleni, soko la usiku lilifungwa saa ngapi, Hekalu la Xiangguo lilifunguliwa siku zipi kwa wachuuzi wa ndege, paka, mikeka na vitabu. Hana falsafa, na ndiyo maana namwamini. Mtu aliyepoteza mji hukumbuka bei ya mishikaki.

Yupo pia mchoraji, Zhang Zeduan, aliyeacha mchoro wa hariri wenye urefu wa mita 5.28 na upana usiofika hata sentimita 25. Mchoro huo umehifadhiwa Beijing. Unaonyesha mto, daraja la upinde lililofurika watu, mashua inayokaribia kugonga daraja huku wapiga makasia wakipiga kelele, vinyozi, waganga, wapagazi, na ngamia wanaotoka kwenye lango la mji wakiwa wameshehenezwa. Kaifeng ya leo inauza nakala zake kila kona, na mwaka 1998 ilifunguliwa bustani kubwa ya utalii iliyojengwa kuufuata mchoro huo, yenye daraja, mashua na wasichana waliovaa mavazi ya Song. Nililipa kiingilio, nikapiga picha, na sijaona haja ya kumwonyesha mtu. Nilifanya jambo moja la kitoto: nilinunua nakala ya mchoro, nikaitandaza kitandani, nikawapitia watu wote, mamia yao, nikimtafuta Cengjiani. Mchoro umechorwa miongo kadhaa baada yake. Nilijua hivyo kabla sijaanza.

Lakini kiko kitu ambacho yeye alikiona na mimi nimekiona, nacho ni mnara uitwao wa Chuma. Jina linadanganya. Ni wa matofali yaliyopakwa rangi ya kung'aa ya kahawia iliyokolea, ambayo ukiwa mbali hufanana na kutu. Ulijengwa mwaka 1049, baada ya ule wa mbao uliotangulia kuteketezwa na radi, kwa hiyo mjumbe alipofika ulikuwa na umri wa miaka 22, bado mpya. Una orofa 13 na urefu unaokaribia mita 56. Picha zangu nzuri za Kaifeng ni za matofali yake, nilizozipiga kwa karibu hadi pua ikagusa ukuta: mabinti wanaoruka angani, masimba, mazimwi, watawa waliosimama, na mnyama wa hadithi aitwaye qilin. Huyo ndiye mnyama ambaye Wachina walimkumbuka walipoletewa twiga, wa kwanza kutoka Bengal mwaka 1414 na wa pili kutoka Malindi mwaka uliofuata, wakamwita kwa jina hilo. Mwaka 1938 majeshi ya Japani yaliupiga mnara kwa mizinga. Uliumia, ukabaki umesimama.

Karibu kila kitu kingine alichokiona kiko chini ya ardhi. Mto Manjano unapita kaskazini mwa mji, na mto ule hauna adabu. Hubeba udongo laini kutoka nyanda za juu za magharibi, na ukifika tambarare hupunguza mwendo na kuutua, mwaka baada ya mwaka, hadi kitanda chake kimeinuka juu ya paa za nyumba za Kaifeng. Kinachouzuia ni matuta tu. Mwaka 1642, wakati waasi wameuzingira mji, matuta yalibomolewa makusudi, na kati ya wakazi wapatao 370,000 walionusurika hawakufika theluthi moja. Kila gharika iliacha tabaka la matope, na kila mara watu walirudi wakajenga palepale juu. Wanaakiolojia wamekuta miji sita imelaliana, ule wa Song ukiwa mita nane na zaidi kwenda chini.

Picha ya mto huo, maji ya rangi ya chai ya maziwa hadi upeo wa macho, niliionyesha Litembo kwa shangazi yangu, ambaye amelima ngolo tangu utoto. Ngolo, kwa wasiojua, ni mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko: wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana, wanawake hufukia majani kwa udongo wanaouchimba katikati, na mlima mzima hubaki na vishimo kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji na udongo huishia kwenye shimo. Shangazi aliitazama picha, akasonya. "Udongo wote huu wameuacha uondoke," akasema. "Huko juu hakuna watu wanaolima?"

Wapo, nikamwambia, na siku hizi nao wamejifunza kukata matuta. Hakuridhika.

Baada ya 1127 mji ulipoteza kiti, na safari za Zenji zikaelekea bandari za kusini. Msafiri Ibn Battuta, aliyelala Kilwa mwaka 1331, miaka kama 15 baadaye alikuwa Quanzhou. Nahodha wa Kichina Zheng He naye, katika safari yake ya tano kati ya 1417 na 1419, alileta merikebu hadi Mogadishu, Barawa na Malindi. Hadithi hiyo inajulikana, viongozi huitaja katika kila karamu ya urafiki, na sitaki kuirudia. Ninachokiona ni kwamba tunapenda kusimulia safari waliyotujia wao, na kusahau ile ambayo mtu wetu aliwaendea, nayo ilitangulia kwa zaidi ya miaka 300.

Huku bara, historia ilikuwa na mwendo wake. Mreno Gaspar Bocarro alitembea mwaka 1616 kutoka Tete hadi Kilwa, akapita kusini mwa Ziwa Nyasa na kuvuka Ruvuma, akikuta njia zilizokwisha kukanyagwa na Waafrika wenyewe. Karne ya 19 njia hizo zilijaa pembe na watumwa kuelekea Kilwa Kivinje. Wangoni walipoingia Songea, miaka ya 1840 na baadaye, Wamatengo walijibana kwenye milima na mapango, na kubanana huko ndiko kulikowafanya waitunze miteremko kwa ngolo. Wamisionari wa Benedikto walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Mwaka 1902 Wajerumani walipambana na Wamatengo Litembo penyewe, kwenye majabali ambayo watoto bado huyapanda, na waliouawa upande wetu walikuwa mamia. Kamera ziliingia milimani kipindi hichohicho. Wenye kamera walikuwa wageni, na picha nyingi za mwanzo za Ruvuma ziko Ulaya hadi leo.

Kwa hiyo napenda kwamba kiongozi wa kwanza wa ngazi ya juu wa Jamhuri yetu ya Muungano kwenda Beijing alikuwa mtu wa Songea, na mtu aliyeijua kamera kutoka pande zote mbili. Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa Songea mwaka 1926. Kabla ya siasa aliajiriwa katika maendeleo ya jamii, akazunguka nchi na sinema za kuelimisha watu, akaigiza filamu za miaka ya 1950, *Muhogo Mchungu* ikiwa mojawapo. Halafu vyama vya wafanyakazi, Waziri Mkuu mwaka 1962, na baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964, Makamu wa Pili wa Rais. Juni mwaka huohuo, Muungano ukiwa hata miezi miwili haujatimiza, aliongoza ujumbe hadi Beijing. Alirudi na mkataba wa ushirikiano wa uchumi na ufundi, wenye mkopo usio na riba pamoja na msaada wa bure. Abdulrahman Babu wa Zanzibar alikuwa amekwisha kufika China mwaka 1960, akafungua mlango kwa upande wa wanaharakati. Kawawa aliufungua kwa upande wa serikali.

Februari 1965 akaenda Rais, Mwalimu Nyerere mwenyewe. Kilichomgusa, kwa maneno yake na kwa sera alizozirudisha nyumbani, ni ubanaji matumizi: viongozi wenye mavazi ya kawaida, nchi inayojenga kwa mikono. Suti isiyo na tai ilivaliwa Tanzania nzima, na mitaani ikapewa jina la Chou En-lai, Waziri Mkuu wa China aliyekuja Dar es Salaam Juni mwaka huo. Radio Peking ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na magazeti ya picha ya Kichina yaliyochapwa kwa Kiswahili yalisambazwa hadi vijijini. Picha za rangi, karatasi nzito inayong'aa. Nyumba nyingi za udongo zilipambwa kuta kwa kurasa zake: wasichana kwenye matrekta, mabwawa, kiwanda kinachotoa moshi kwa fahari. Kwa watu wengi wa bara hiyo ndiyo ilikuwa China yote waliyoiona kwa macho.

Tarehe 20 Februari 1965, Beijing, ulisainiwa Mkataba wa Urafiki kati ya nchi hizi mbili. Kwa Tanzania alisaini Rais Nyerere. Kwa China hakusaini Mao Zedong, aliyekuwa Mwenyekiti wa Chama, wala Chou En-lai. Alisaini mkuu wa nchi, Mwenyekiti wa Jamhuri, Liu Shaoqi.

Hapa ndipo Kaifeng inaporudi, na mimi sikuwa nimejua kabla sijafika. Mwaka 1966 yalianza Mapinduzi ya Utamaduni, na Liu, aliyekuwa wa pili kwa Mao, akageuzwa kuwa adui namba moja. Nyerere alipokwenda tena Beijing Juni 1968, mtu aliyesaini naye mkataba alikuwa amefungiwa ndani ya Zhongnanhai, makazi ya viongozi, katika mji uleule. Oktoba 1968 alifukuzwa chamani. Tarehe 17 Oktoba 1969, akiwa mgonjwa wa kulala, mwenye sukari na kichomi, alipakiwa kwenye ndege kwa machela na kupelekwa Kaifeng. Aliwekwa katika jengo lililokuwa zamani la benki, lenye ua wa ndani na ukuta mrefu, akafa humo tarehe 12 Novemba. Walimchoma maiti usiku chini ya jina la kubuni, Liu Weihuang. Mahali pa kazi yake paliandikwa: hana. Mkewe, Wang Guangmei, alikuwa gerezani, na familia ilijulishwa miaka karibu mitatu baadaye. Chama kilimsafisha Februari 1980, na majivu yake yakamwagwa baharini.

Jengo lile sasa ni makumbusho. Niliingia bila kupanga, nikikimbia jua, nikakuta chumba na kitanda chembamba, dirisha dogo, kuta za rangi ya maziwa yaliyochacha. Kuna picha nyingi za Liu akiwa kijana, akiwa na wakulima, akiwa na wageni kutoka nje. Nilizipita zote pole pole nikitafuta ile ya Februari 1965. Mlinzi alinifuata kwa macho, labda akishangaa Mwafrika huyu ana deni gani na marehemu. Picha niliyopiga pale ni ya mlango tu, kwa nje, na ni picha mbaya, jua linapiga kwenye lenzi.

Tangu Liu alipogeuzwa adui, urafiki ulikwenda mbele kana kwamba aliyeusaini hakuwahi kuwepo. Mkataba wa reli ulisainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 TAZARA ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea reli. Mtu wa Ruvuma aliyetaka kuipanda treni hiyo alisafiri kwanza hadi Makambako. Silaumu kwamba serikali yetu haikumuuliza mwenzake yuko wapi Liu: nchi changa inayotafuta reli haichungulii chumba cha ndani cha mwenyeji. Lakini inapoandikwa historia ya urafiki huu, na imeandikwa mara nyingi kwa vitabu vya maadhimisho vyenye picha kubwa, naona ni udhaifu kulitaja kila jiwe la reli na kuliruka jina lililoko chini ya Mkataba wa Urafiki wenyewe.

Mbamba Bay sasa inajengewa bandari ya kisasa, na mkandarasi safari hii ametoka Xiamen, jirani wa Quanzhou, bandari ileile aliyoteremkia Ibn Battuta. Madereva wa malori wa Mbinga wameshaanza kupiga hesabu zao.

Picha zangu nilizionyesha Litembo jioni moja baada ya misa ya Jumapili, kwa simu, zikipita mkono kwa mkono. Habari za Liu zilisikilizwa kimya, kwa heshima ya msiba. Habari za Cengjiani ndizo zilizozua mjadala. Baba mkubwa wangu, aliyewahi kuuza kahawa katika chama cha ushirika na kudhulumiwa vya kutosha, alitaka kujua jambo moja.

"Mwanangu, huyo mjumbe wenu. Alirudi kwao salama, au mfalme alimla nauli?"

"Alirudi, baba mkubwa."

"Umejuaje?"

Nimejua kwa sababu aya ile fupi haiishii 1071. Inaendelea kusema kwamba mwaka wa sita wa enzi ya Yuanfeng, yaani 1083, Cengjiani alikuja tena, safari hii akiwa na cheo cha heshima alichopewa na Wachina. Mfalme Shenzong, akizingatia kwamba mtu huyu ametoka mbali mno, aliamuru apewe zawadi kama zile za kwanza, na juu yake akamwongezea liang 2,000 za fedha, ambazo ni zaidi ya kilo 70.

Baba mkubwa alihesabu kidogo kwa vidole. "Kilo sabini," akasema. "Basi na huko kurudi kwake mara ya pili alikuwa na wapagazi. Hao nao wameandikwa?"

Hawakuandikwa.